Lenshina wa Kasomo (3): Hirizi, Nyimbo na Kadi za Chama

Tangu makaburi ya Shakahola, Kenya, yafukuliwe mwaka 2023, kila anayejiita nabii anatiwa kapu moja na mhubiri Paul Mackenzie. Hata hapa Rujewa nimesikia Alice Lenshina, nabii wa Zambia, akitajwa humo. Napinga. Ukishika barabara kuu hadi Tunduma, ukavuka Nakonde na kuipita Isoka, umekaribia Chinsali, kwao Lenshina. Mama huyu ni jirani yetu.

Juma lililopita tulimwacha akibatizwa katika misheni ya Waskoti, Lubwa, mwishoni mwa 1953, baada ya kusimulia kwamba alikufa akarudishwa duniani. Mumewe, Petros Chintankwa, alikuwa fundi seremala. Miaka michache baadaye ibada za Lubwa zilipwaya, kwani watu walikuwa Kasomo, kijijini kwa Lenshina. Walifika kwa miguu kutoka mbali, wakasalimisha hirizi, pembe za dawa na shanga za uganga, vikarundikwa mbele ya macho ya wote. Hata aliyeshukiwa uchawi alipokelewa, akatubu, akabatizwa, akarudi kwao hai. Katika nchi yetu ya Tanzania bado kuna bibi vizee wanaokatwa mapanga kwa sababu tu macho yao ni mekundu, na wauaji hao huenda kanisani na msikitini! Lenshina, asiye na elimu ya kujivunia, aliona njia ambayo wasomi wetu hawajaiona.

Akatunga nyimbo za Kibemba zenye mahadhi ya nyumbani. Akakataza pombe, uganga na ndoa za mitala. Kufikia 1958 waumini wa kanisa lake, Lumpa, walikuwa wamejenga kwa mikono yao kanisa kubwa la matofali pale Kasomo.

Ugomvi uliletwa na kadi. UNIP, chama cha Kenneth Kaunda, baadaye rais wa kwanza wa Zambia, kiliwashinikiza wanakijiji wajiunge nacho. Walumpa wakakataa, wakahamia vijiji vyao wenyewe bila ruhusa ya machifu na kuvizungushia boma. Pande zote mbili zilichoma nyumba. Julai 1964, serikali ya Kaunda, naye mzaliwa wa Lubwa, ilipeleka askari. Agosti kanisa likapigwa marufuku na Lenshina akajisalimisha. Kwa hesabu ya serikali, waliokufa walizidi 700. Miezi michache ya subira, na wazee wa pande zote mbili kuketi pamoja, ingewaokoa wengi.

Tukirudi kwenye kapu lile: Shakahola kulifukuliwa miili zaidi ya 400, na mashitaka yanasema watu walihimizwa kufunga hadi kufa. Wa Kasomo waliuawa kwa risasi na mikuki. Mahakama ya Kenya iachiwe kazi yake.

Lenshina alifariki Desemba 1978. Juma lijalo: maelfu waliokimbilia Congo.