Ngazi Iliyokoma Ghorofa ya Sita

Mtu asikiapo kengele ya gari la zimamoto ikilia njiani hupisha, hutazama linakoelekea, kisha huendelea na safari yake akiamini kwamba wenye kazi yao wamekwenda kuifanya. Imani hiyo ni ya haki, kwani watu hao ni mashujaa. Lakini yako mambo ambayo ushujaa peke yake hauyawezi, na mji wa New York, huko Marekani, ulifunzwa jambo hilo kwa roho za watu 146.

Hapo kwanza mioto ya mji huo ilizimwa na watu wa kujitolea. Mwaka 1865 kazi hiyo ilikabidhiwa kikosi cha watu wanaolipwa mshahara, na kufikia mwaka 1911 kikosi hicho kilikuwa na sifa kubwa kwa wepesi wake na ujasiri wake.

Siku ya Jumamosi, tarehe 25 Machi 1911, karibu na saa ya kutoka kazini, moto uliwaka katika kiwanda cha Triangle, kilichoshona blauzi za wanawake katika ghorofa tatu za juu za jumba la ghorofa kumi. Wafanyakazi wengi walikuwa wasichana wa Kiyahudi na wa Kitaliano, wahamiaji waliokuja kutafuta riziki. Moto ulianza ghorofa ya nane, katika vipande vya nguo vilivyorundikwa chini ya meza za kukatia. Wa ghorofa ya nane wengi walitoka, na wa ghorofa ya kumi, wakiwamo wenye kiwanda wenyewe, walipanda juu ya paa wakaokoka. Wa ghorofa ya tisa hawakupata habari mpaka moto ulipokwisha kuwafikia.

Walikimbilia mlango wa ngazi wakaukuta umefungwa kwa ufunguo. Desturi ya kiwanda ilikuwa wafanyakazi watokee mlango mmoja tu, ili mikoba yao ipekuliwe wasije wakaiba. Wengine walishika ngazi ya chuma ya nje, nayo ikapinda na kuanguka pamoja nao. Waendesha lifti walipanda na kushuka kuokoa watu mpaka lifti zikashindwa kwenda.

Je, zimamoto walichelewa? Hasha! Walifika upesi. Lakini ngazi yao ndefu kuliko zote ilikoma ghorofa ya sita, na nyavu walizozitandaza zilichanika kwa uzito wa wasichana walioruka kutoka madirishani. Moto ulidhibitiwa kwa muda wa nusu saa hivi, na nusu hiyo ya saa ilitosha kuua watu 146.

Wala haisemeki kwamba hapakuwa na aliyeonya. Mkuu wa zimamoto, Edward Croker, alikuwa amekwisha kusema kwamba vyombo vyake haviwezi kupambana vyema na moto uliopita ghorofa ya saba. Wafanyakazi nao walikuwa wamegoma tangu mwaka 1909, wakidai hali bora ya kazi na chama chao kitambuliwe. Wenye kiwanda cha Triangle walikataa kukitambua. Mwezi Desemba 1911, waliposhtakiwa kwa vifo hivyo, baraza la mahakama liliwaona hawana hatia.

Hata hivyo, damu ile haikupotea bure. Mwaka ule ule idara ya zimamoto ilipewa ofisi ya kuzuia moto, yenye kazi ya kukagua majumba kabla hayajaungua, na Croker aliacha ukuu wake ili ajitoe kwa kazi hiyo ya kinga. Tume ya serikali ya jimbo ilikagua viwanda, na katika miaka iliyofuata zikatungwa sheria kuhusu milango, njia za kutokea na mazoezi ya moto. Frances Perkins, aliyeushuhudia moto ule kwa macho yake, alikuwa Waziri wa Kazi wa Marekani mwaka 1933.

Idara ile imekua sana. Tangu mwaka 1996 magari ya wagonjwa ya mji yako chini yake, na leo miito ya wagonjwa na majeruhi huizidi kwa mbali ile ya moto. Tarehe 11 Septemba 2001, watu wake 343 walikufa katika majumba ambayo wengine walikuwa wakiyakimbia.

Wako watakaosema kwamba ukaguzi ni gharama na kwamba masharti mengi humchosha mwenye mali. Gharama ipo, hatukatai. Lakini isipolipwa na mwenye kiwanda kwa fedha, hulipwa na mfanyakazi kwa uhai wake, na zimamoto hutumwa kudai deni ambalo halilipiki tena.

Basi, ndugu mfanyakazi, kesho uingiapo kazini uutazame mlango wa pili. Ukiwa umefungwa, au umezibwa kwa magunia na masanduku, usingoje kengele ya zimamoto. Waite wenzako mkaseme kwa pamoja, ufunguliwe siku hiyo hiyo.