Kumbukumbu zako za matibabu zinapohamishwa kompyuta: mambo ya kujua



Huenda siku moja utafika kituo cha afya uambiwe, "Subiri kidogo, tunahamisha kompyuta." Wengi wetu tukisikia hivyo tunajiuliza maswali mawili. La kwanza: je, jina langu na dawa zangu zitapotea? La pili: je, kuna mtu atakayesoma siri yangu njiani? Maswali haya ni ya haki. Makala hii inaeleza kazi hiyo inavyofanyika mahali pasipo na intaneti, na wewe ufanye nini ili matibabu yako yasikatike.

Kwa nini kompyuta zinabadilishwa?

Kompyuta nyingi za ofisini zinaendeshwa na mfumo wa Windows. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta yenye mfumo huo inaendelea kuwaka, lakini haipokei tena marekebisho ya usalama, isipokuwa iwe imesajiliwa katika mpango wa nyongeza. Kompyuta nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11, kwa hiyo inabidi kuleta nyingine. Na tusisahau vumbi, joto na umeme wa kukatika-katika. Hivyo huua kompyuta kabla ya siku zake.

Kuhamisha mfumo ukiwa umelala

Ukitaka kuhesabu kuku mchana wakiwa uwanjani, utakosea. Usiku wakiwa bandani, utawahesabu wote. Kompyuta nayo ni hivyo. Windows ikiwa inafanya kazi, mafaili mengine yanakuwa yanatumika na ni vigumu kuyachukua vizuri. Kwa sababu hiyo fundi anaweza kuiwasha kompyuta ya zamani kwa kutumia flashi yenye mfumo mdogo uitwao Windows PE. Windows ya zamani inabaki imelala ndani ya diski, na fundi anachukua vitu vyake bila kuiamsha.

Kazi ya kuchukua inafanywa na programu ya Microsoft inayoitwa User State Migration Tool, kwa kifupi USMT. Ina sehemu mbili. ScanState inakusanya vitu kutoka kompyuta ya zamani na kuviweka kwenye diski ya nje. LoadState inavitoa humo na kuviweka kwenye kompyuta mpya. Intaneti haihitajiki. Faida nyingine ni kwamba njia hii inafaa hata kama Windows ya zamani imegoma kuwaka, ilimradi diski yenyewe iwe nzima.

Hatua zinazofuatwa

1. Kuandika orodha. USMT inafuata orodha zilizoandikwa kwenye mafaili. Orodha za kawaida huchukua akaunti za watumiaji, barua, picha na nyaraka zao. Programu zenyewe hazihamishwi. Zinasimikwa upya kwenye kompyuta mpya.

2. Kuhesabu. Kabla ya kugusa chochote, wahudumu waandike idadi ya wagonjwa waliomo katika kila rejista.

3. Kufungua diski. Kama diski imefungwa kwa kufuli la BitLocker, fundi anahitaji neno la siri au namba ya akiba yenye tarakimu 48. Namba hiyo itafutwe mapema, siyo siku ya kazi.

4. Kukusanya na kufunga. Fundi aiamuru ScanState ifunge mzigo kwa neno la siri, ili diski ikiibiwa mwizi asiweze kusoma kitu. Neno hilo lisibandikwe juu ya diski! Ashike mtu mwingine.

5. Kushusha mzigo. LoadState itumie orodha zilezile za mwanzo. Fundi aamuru akaunti ziundwe, na pia aamuru zifunguliwe. Akisahau hilo la pili, muuguzi atashindwa kuingia asubuhi na watu watadhani kila kitu kimepotea, kumbe akaunti imefungwa tu.

6. Kuhesabu tena. Idadi ilingane na ile ya hatua ya pili.

Hatari iliyojificha

Hapa naomba usome kwa makini. Orodha za kawaida za USMT huruka folda za programu. Lakini kuna programu ambazo huweka rejista yao ndani ya folda hizo hizo. Fundi asipoiongeza folda hiyo kwenye orodha, rejista inabaki nyuma. Kompyuta hailalamiki, kwa sababu imefanya ulichoiagiza. Itasema kazi imekamilika.

Nililiona hili kwa macho yangu katika kituo kimoja nilichokuwa nikijitolea. Barua na picha zote zilifika, na kila mtu alifurahi. Siku ya pili akaja mama mmoja kuchukua dawa za kifua kikuu, akaambiwa jina lake halimo. Aliona haya, akaanza kuondoka. Nilimfuata hadi getini, nikamwomba anionyeshe kadi yake. Tarehe zote zilikuwapo pale kwenye karatasi. Alipewa dawa siku ileile. Kompyuta ya zamani ilikuwa bado kwenye kona, haijafutwa, na rejista ikapatikana ndani yake. Watu wengine wa orodha ile tuliwafuata bloku kwa bloku.

Matibabu ya kifua kikuu cha kawaida kwa wengi huchukua miezi 6. Dawa zikikatizwa, vijidudu vinaweza kuwa sugu, na hapo matibabu yanakuwa marefu na magumu zaidi. Ndiyo maana faili lililoachwa nyuma si jambo la mafundi peke yao.

Wewe ufanye nini?

• Tunza kadi yako ya kliniki, ya chanjo ya mtoto na ya dawa. Iweke kwenye mfuko wa nailoni, mbali na mvua na panya. Usiseme, "Nimo kwenye kompyuta, kadi ya nini?"

• Usikatize dawa kwa sababu ya kuhamisha kompyuta. Nenda siku yako ileile. Rejista ya karatasi inaweza kutumika.

• Ukiambiwa jina lako halimo, usiondoke. Onyesha kadi, omba watazame rejista ya karatasi na kompyuta ya zamani. Ukishindwa, mtafute mhudumu wa afya wa bloku yako.

• Una haki ya kuuliza: mzigo ulifungwa kwa neno la siri? Diski ya nje iko kwa nani? Kompyuta ya zamani itafutwa lini na nani? Hali yako ya VVU au ugonjwa wowote ni siri yako, iwe kwenye karatasi au kwenye diski.

Kwa vijana wenye kompyuta zao

Mnaotunza vyeti vya shule na picha za familia, kanuni ni ileile. Nakili mafaili sehemu mbili, siyo flashi moja tu. Yafungue machache kwenye kompyuta mpya uone kama yanasomeka. Usifute ya zamani kabla ya hapo. Na kabla ya kuuza kompyuta, jua kwamba kufuta faili, hata kumwaga kapu la takataka, hakuliondoi kabisa. Mjuzi anaweza kulirudisha. Omba fundi aisafishe diski yote.

Kwa kumalizia, ndugu msomaji, kuhama sisi tunakujua. Mzazi huhesabu watoto kabla ya kupanda lori, na akishuka huwahesabu tena kabla ya kushukuru kwamba wamefika. Kumbukumbu za wagonjwa zihesabiwe vivyo hivyo. Kama hesabu hailingani, safari haijaisha, na kompyuta ya zamani isifutwe.

Tunza kadi yako. Afya yako ni haki yako.