Juu ya Kumtaja Mshtakiwa na Aliyedhulumiwa

Kiswahili kina majina mengi ya kumtaja mtu aliyehusishwa na uovu, wala majina hayo si sawasawa. Mwalimu au kasisi aandikaye barua kwa wazee, au habari za usharika, yampasa kuyapambanua, maana neno moja laweza kumhukumu mtu kabla ya hakimu.

Tutazame kwanza maumbo yenyewe. Mwizi hutoka katika kuiba, na mwuaji katika kuua: majina haya yasema kwamba mtu ametenda. Bali mshukiwa, mtuhumiwa na mshtakiwa hutoka katika kutendwa. Yasema tu yale ambayo wengine wamemtendea. Mshukiwa hudhaniwa, mtuhumiwa ametajwa waziwazi kuwa mtenda kosa, mshtakiwa amefikishwa mahakamani. Hatia yao wote haijathibitika. Ndivyo isemavyo Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 13: aliyeshtakiwa asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike kuwa ana hatia. Hata Festo liwali, katika Matendo 25:16, aliwajibu washtaki wa Paulo kwamba kwa desturi ya Warumi mtu hatolewi kabla hajaonana nao uso kwa uso na kujitetea.

Natutoe mfano. Kando ya Ziwa Jipe nyavu za mvuvi zimetoweka usiku, na kijana mmoja amekamatwa. Akiandikwa "mwizi wa nyavu", yuko hatarini, kwa kuwa katika nchi yetu ukelele wa "mwizi!" umekwisha kuwaua watu mikononi mwa wenye hasira. Tena jamaa zake wataitwa ukoo wa wezi, hata akiachiliwa na mahakama. Kuandika "inasemekana ni mwizi" hakuponyi kitu: msomaji husahau "inasemekana", hukumbuka "mwizi". Yafaa kuandika: "Nyavu zimetoweka, na kijana mmoja amekamatwa kwa kushukiwa."

Na aliyedhulumiwa je? Wengi humwita mhanga. Lakini neno hilo lina maana ya kafara, tena twasema "kujitoa mhanga" kwa mtu atoaye nafsi yake kwa hiari. Mwathirika nalo lina umbo la kutendeka, kama kuvunjika au kumwagika, hata mtenda afichika. Ni afadhali kulitaja tendo: aliyeibiwa, aliyepigwa, aliyeuawa. Na msichana aliyebakwa asiandikwe kuwa "ameharibiwa" wala "amenajisiwa", kana kwamba uchafu umemshika yeye. Uovu ni wa aliyebaka. Wala haitoshi kuacha jina lake. Katika vijiji vya Upare, ukitaja kitongoji, shule na kazi ya babaye, umekwisha kumtaja.

Mwisho, hukumu ikitoka, iandikwe kama ilivyo. Kuachiwa kwa dhamana si kuonekana hana hatia, wala kukamatwa si kufungwa. Na ikiwa mshtakiwa ameonekana hana hatia, habari hiyo isomwe palepale iliposomwa ile ya kukamatwa kwake, na kwa sauti ileile.