Jana kitamu, leo kinaumiza tumbo: Mzazi na hoteli isiyotabirika

Wazazi wengi wa Kahama, Katoro, Geita na Shinyanga mjini wanalijua jambo hili. Jumapili moja familia inaingia hoteli ya karibu na stendi, wali umechambuka, sato amekaangwa akakauka vizuri, watoto wanasafisha sahani. Jumapili inayofuata familia ileile inakaa meza ileile. Wali una majimaji, maharage yana uchachu kwa mbali, na usiku mtoto mdogo anaamka mara tatu kutapika. Bei haikubadilika, bango la nje halikubadilika, hata dada aliyehudumia ni yuleyule.

Maelezo ya haraka huwa ni kwamba mpishi kabadilika au mwenye hoteli ameshalewa sifa. Mara nyingine ni kweli. Lakini katika ukanda wa dhahabu kuna sababu nyingine ambayo mzazi akiijua atachagua vizuri zaidi siku, saa na chakula cha kumwagizia mwanawe. Sababu hiyo ni idadi ya wateja, ambayo hapa hupanda na kushuka kuliko katika miji mingi.

Pesa ya duara na sufuria la wali

Miji ya ukanda huu imekua kwa kufuata migodi. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na Buzwagi, nje kidogo ya mji wa Kahama, ukaanza mwaka 2009 hadi ulipofikia ukomo mwaka 2021. Pembeni ya migodi hiyo mikubwa wapo wachimbaji wadogo wa maeneo kama Nyarugusu, Rwamgasa na Mwakitolyo. Hao hawana mshahara wa mwisho wa mwezi. Duara likitoa, fedha inaonekana mjini siku hiyohiyo, na hoteli zinajaa. Duara likikauka, au ikisikika kwamba kuna dhahabu kijiji kingine, wateja wanahama kwa siku mbili tu.

Chukulia mama lishe aliyepika kilo 10 za mchele kwa kuzoea kwamba mchana wote unaisha. Siku ya wateja wengi, sufuria linatoka jikoni saa 6 na kufika saa 8 liko tupu. Kila aliyekula alikula wali wa moto. Siku ya wateja wachache, nusu ya sufuria bado ipo saa 11 jioni. Faida yake ya siku imo kwenye sahani hizo za mwisho, kwa sababu zile za mwanzo zimelipia mchele, mafuta, mkaa na posho ya msaidizi. Akimwaga, kesho hana mtaji. Kwa hiyo wali unafunikwa, unalala, na asubuhi unapashwa au unachanganywa na mpya.

Hapo ndipo ladha ya Jumapili mbili inapoachana, ingawa aliyepika ni mtu mmoja kwa mikono ileile. Familia ya kwanza ilikula chakula cha siku yenye watu, ya pili ikala mabaki ya siku iliyolala. Mkaa nao unachangia. Kuweka chakula juu ya moto mdogo mchana kutwa ni gharama, hivyo siku ambayo mauzo hayaeleweki sufuria huepuliwa mapema na kuachwa lipoe.

Kwa nini wali hasa

Kanda hii inajivunia mchele wake, na gunia la mchele wa Kahama huuzwa hadi mikoa ya mbali. Lakini wali uliopoa polepole ni miongoni mwa vyakula vinavyodanganya zaidi, kwa kuwa unaweza usinuke wala kubadilika rangi.

Mchele mbichi mara nyingi huwa na bakteria waitwao Bacillus cereus. Bakteria hao wana uwezo wa kujifunika ganda gumu lisilokufa hata maji yakichemka. Wali ukiachwa kwenye joto la kawaida, wanatoka kwenye ganda, wanazaliana na kutoa sumu. Sumu inayoleta kutapika haiondoki kwa kupasha upya. Ndiyo maana usemi wa “tuliupasha ukawa wa moto kabisa” hautoshi kumlinda mtoto. Aliyekula wali wa namna hiyo anaweza kuanza kutapika ndani ya saa 1 hadi 6.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, chakula cha moto kibaki juu ya nyuzi joto 60, na kinachopashwa kifike nyuzi joto 70 au zaidi hadi katikati. Makadirio ya shirika hilo ya mwaka 2015 yalionyesha kuwa watu milioni 600 duniani huugua kila mwaka kutokana na chakula kisicho salama. Kati ya vifo 420,000 vinavyotokana na hali hiyo, 125,000 ni vya watoto wa chini ya miaka mitano. Mtu mzima anaweza kuumwa tumbo asubuhi na mchana akaenda kazini. Mtoto wa miaka miwili hupoteza maji mwilini haraka.

Mabadiliko yasiyo na ubaya

Si kila tofauti ya ladha ni ya kuogopa, na mzazi asimhukumu mama lishe kwa mambo yaliyo nje ya uwezo wake.

Mchele mpya wa baada ya mavuno hunata kuliko wa msimu uliopita, kwa sababu bado una unyevu. Mpishi asipopunguza maji, wali unakuwa bokoboko, lakini hauna madhara. Nyama ya kiangazi huwa ngumu kwa kuwa ng’ombe wamekonda na wametembea mbali kutafuta malisho. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, hivyo siku za mbalamwezi wanapungua na bei inapanda. Siku hizo kipimo cha dagaa kwenye sahani kinakuwa kidogo, au mboga inageuka kuwa mlenda na maharage. Ugali nao hubadilika kulingana na unga, kama ni sembe, dona, mtama au udaga.

Mabadiliko ya kutiliwa shaka ni mengine. Maharage yenye uchachu au povu. Wali wa vuguvugu wenye mabonge yaliyokauka ndani ya wali laini, dalili kwamba wa jana umechanganywa na wa leo. Nyama inayoteleza. Mafuta meusi yenye harufu kali kwenye chipsi au samaki. Mchuzi wa moto juu lakini wa baridi katikati ya kipande cha nyama. Mtoto akisema chakula “kina ladha ya ajabu”, mzazi aonje kabla ya kumwambia amalize.

Maji na umeme navyo hubadilika

Maji ya Ziwa Victoria yanayovutwa kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, yalipunguza shida kubwa ya maji Shinyanga na Kahama baada ya mradi kuzinduliwa mwaka 2009. Hata hivyo, vibanda vingi vya chakula viko mbali na bomba na hutegemea madumu. Siku maji yanapatikana kwa urahisi, vyombo husuuzwa mara mbili. Siku yamekatika, beseni moja linaosha sahani za wateja 30. Sura ya kibanda haibadiliki, ila usalama wake umeshabadilika.

Jambo hili lina uzito katika kanda hii kwa sababu ya kipindupindu. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea mikoa mingi ya Bara, na mwanzoni mwa mwaka 2024 ugonjwa huo uliripotiwa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa ikiwamo Shinyanga, Simiyu na Mwanza. Kwenye sahani, vitu vya kwanza kuhofia ni visivyopita motoni: kachumbari, matunda yaliyomenywa mapema, juisi iliyochanganywa na maji yasiyochemshwa, na barafu.

Umeme nao una nafasi yake. Nyama iliyoganda ikayeyuka umeme ulipokatika, kisha ikagandishwa tena, huonekana nzima lakini imepita saa nyingi kwenye joto ambalo bakteria wanalipenda.

Saa ya kula ni muhimu kuliko jina la hoteli

Kwa familia inayotoka kula mara moja moja, jambo la kwanza kupanga ni saa. Kati ya saa 6 na saa 8 mchana chakula kingi ndiyo kwanza kimetoka jikoni. Saa 10 jioni, hoteli ileile inatoa kilichobaki. Anayefika saa hizo na watoto ni heri aagize kinachopikwa mbele yake, kama mayai, chapati ya moto, ndizi au samaki wa kukaangwa papo hapo, kuliko wali na maharage.

Jambo la pili ni kuuliza, kwa heshima. “Shikamoo mama. Wali wa watoto umetoka jikoni saa ngapi?” Swali hilo halimvunjii mtu heshima, na mama lishe mwenyewe mara nyingi ni mzazi. Wengi watajibu kwa ukweli: “Huu wa muda mwanangu, subiri kidogo kuna mwingine unaiva.” Anayekasirika kwa kuulizwa, naye ameshajibu.

Jambo la tatu ni kutazama mikono na visu. Anayepokea fedha ndiye anayeshika chapati? Kisu kilichokata nyama mbichi ndicho kinachokata nyanya? Maji ya kunawa yanatiririka, au kila mtu anachovya kwenye beseni moja? Haya huonekana kwa dakika mbili kabla ya kuketi.

Wapo pia watoto wanaokula bila mzazi kuwapo. Anayepewa shilingi 500 ya shuleni hukutana na mihogo, maandazi, ubuyu na barafu za getini, na huko hakuna wa kumwonjea. Afundishwe kanuni fupi anayoweza kuikumbuka: nunua cha moto, au tunda unalomenya mwenyewe, na nawa kwanza. Michembe na matobolwa vikifungwa vizuri kutoka nyumbani hubaki salama mchana kutwa kwa sababu ni vikavu.

Mtoto akishaugua

Mtoto anayetapika au kuharisha aanzishiwe ORS mapema. Pakiti ya kawaida huchanganywa na lita moja ya maji safi na salama, anywe kidogo kidogo, na akitapika asubiriwe dakika 10 kisha aendelee. Anayenyonya aendelee kunyonya. Vituo vya afya hutoa pia vidonge vya zinki kwa mtoto anayeharisha.

Apelekwe kituoni bila kusubiri asubuhi akiwa na macho yaliyodidimia, akilegea au kusinzia isivyo kawaida, akikosa mkojo kwa saa nyingi, akishindwa kunywa, akiharisha damu, au akiharisha majimaji mengi mfululizo.

Baada ya hapo mwenye hoteli aambiwe. Wazazi wengi hunyamaza na kuhama tu, na mwenye hoteli haelewi kwa nini wateja wamepungua. Aambiwe faragha, kwa siku, saa na chakula kilicholiwa, bila kumwaibisha mbele ya watu. Kama hasikii, au kama zaidi ya familia moja imeugua, taarifa ifike kwa afisa afya wa kata au wa halmashauri. Wapika chakula cha kuuza wanatakiwa kupimwa afya, na maafisa hao ndio wanaokagua majiko yao. Chakula cha pakiti chenye mashaka huripotiwa kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililokabidhiwa jukumu la usalama wa chakula mwaka 2019.

Kwa mama lishe mwenyewe ipo njia ya kupunguza hasara bila kulaza wali. Apike mara mbili, sufuria dogo saa 5 na jingine saa 7 akishaona watu wa siku hiyo. Kinachobaki saa 9 akiuze kwa bei ya chini kikiwa bado cha moto, badala ya kukisubirisha hadi kesho. Wateja wakijua kwamba saa 9 bei inashuka, watakuja saa 9, na sufuria litakuwa tupu kabla giza halijaingia.