"LAY OFF": MANENO MAWILI YENYE KUTATIZA

Mtu akiijua maana ya "lay", yaani kulaza au kuweka, na maana ya "off", yaani mbali, hudhani amekwisha kujua maana ya "lay off". Sivyo. Waingereza wana desturi ya kukifungamanisha kitenzi na neno dogo, na hapo hupatikana maana mpya kabisa.

Katika mazungumzo ya kawaida, "lay off" ni kumwambia mtu aache jambo. Daktari aweza kumwambia mgonjwa wake, "Lay off salt," maana yake, jiepushe na chumvi. Na mtu akimwona msimamizi akimkaripia kijana kupita kiasi, husema, "Lay off him!" yaani, mwache, usimsumbue. Hayo ni maneno ya barazani, ya rafiki kwa rafiki. Hayafai kuandikwa katika barua ya heshima.

Sasa angalia, msomaji. Ukilihamisha neno "him" na kusema, "Lay him off," umesema jambo jingine: mwondoe kazini, kwa sababu kazi imepungua. Hivyo aliyekusudia kumtetea mwenzake aweza kumponza kwa kukosea mahali pa neno moja tu.

Maana hii ya pili ndiyo iandikwayo katika barua za kazi, nayo yafaa ifahamike vema. Aliyeondolewa kwa "lay off" hakufukuzwa kwa kosa lake. Kufukuzwa kwa kosa huitwa "sack" au "fire". Tena, katika sheria ya Uingereza "lay off" ni kukosa kazi kwa muda, mtu akingoja kazi irudi. Bali Marekani, mara nyingi, ni kuachishwa kabisa.

Hapa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yasema kwamba mwajiri amwachishaye mtu kwa kuwa kazi yake haihitajiwi tena, sharti ampe taarifa ya mwezi 1 au mshahara wa mwezi badala yake, na kumlipa ujira wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka aliotimiza kazini.

Basi, apokeaye barua yenye maneno hayo asitie sahihi kwa haraka, akidhani kuwa amefukuzwa na hana haki yo yote. Na aulize kwanza: Je, ni kwa muda, au ni kabisa? Kuuliza si ujinga.