Ratiba ya Februari, Maji ya Julai

Safari ya matanga katika visiwa vya Ziwa Huron hupangwa Februari, wakati vyombo viko nchi kavu chini ya maturubai na barafu imeshika kingo za ziwa. Huko Michigan, Ohio na Ontario watu hutandaza ramani mezani, wakashika penseli na kuhesabu: maili 25 kwa siku, wiki tatu, Jumatatu tuwe kazini. Ni kazi tamu. Ukizisoma ratiba hizi, hata zile zilizoandikwa na mabaharia wazoefu, utakuta nyingi zina kasoro ileile: zimekazwa mahali pa kulegezwa, zikalegezwa mahali pa kukazwa.

Si ajabu penseli kuchangamka. North Channel ni mlango wa maji baridi kati ya bara la Ontario na kisiwa cha Manitoulin, kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani vilivyomo ndani ya ziwa. Kina kilomita za mraba 2,766. Unguja na Pemba vikijumlishwa havikifikii, na ndani yake kina maziwa yake zaidi ya 100. Mashariki yake inafunguka Georgian Bay, yenye visiwa ambavyo kwa mazoea huhesabiwa 30,000, pwani ambayo UNESCO iliitambua kuwa hifadhi ya biosfia mwaka 2004. Kuna Visiwa vya Benjamin, matale ya rangi ya waridi yaliyolainishwa na barafu ya kale. Kuna Baie Fine, hori refu linaloingia katikati ya vilima vyeupe vya La Cloche mpaka unasahau kwamba uliingia kutoka ziwani.

Basi ratiba huanza na majina hayo. Siku ya nne Benjamin, siku ya sita Baie Fine, siku ya tisa kijiji cha Killarney. Lakini hayo ndiyo mambo yasiyohitaji tarehe. Maficho ya kutia nanga ni mengi mno katika eneo hilo. Upepo ukikukatalia moja utapata jingine kabla ya jua kutua, na huenda likawa zuri zaidi. Visivyo na mbadala ni vichache, tena havina mvuto wowote: kina cha maji cha mwaka huo, mpaka wa nchi, tangi la choo, na siku ambayo mgeni wako lazima ashuke.

Nianze na maji, kwa kuwa hapo ndipo mpango hukosea kabla haujaondoka mezani. Kina kinachoandikwa kwenye ramani hakipimwi kutoka uso wa maji wa siku fulani. Hupimwa kutoka sufuri iliyokubaliwa, na kwa Huron sufuri hiyo ni mita 176 juu ya usawa wa bahari. Nahodha wa Pwani amezoea maji yanayojaa na kupwa kila siku, na bamvua anaijua kwa kuutazama mwezi. Huron haina maji kujaa na kupwa ya kuhesabika. Ziwa lenyewe hupanda na kushuka kwa miaka, likifuata theluji, mvua na mvuke, na hakuna jedwali la kukuhakikishia ya kiangazi kijacho. Januari 2013 wastani wa mwezi ulishuka hadi mita 175.57, chini ya sufuri yenyewe. Mahali ramani iliposema mita mbili palikuwa na mita moja na nusu. Msimu huo hata Chi-Cheemaun, kivuko kikubwa cha magari kati ya Tobermory na South Baymouth, kilichelewa kuanza kazi kwa kuwa maji hayakufikia gati zake inavyotakiwa.

Miaka saba baadaye, kiangazi cha 2020, maji yalikuwa karibu mita moja na nusu juu ya sufuri. Gati za watu binafsi zilizama, na vipwa ambavyo mabaharia walikuwa wakivitumia kama alama vilikuwa vimetoweka chini ya maji, vikisubiri mkuku wa mtu. (Mwaka huohuo Ziwa Victoria nalo lilivunja rekodi yake ya 1964, kwa hiyo wasomaji wa Kisumu, Jinja na Mwanza hawahitaji kuelezwa ziwa linavyoweza kuhamia nyumbani kwa mtu.) Ndiyo maana maelezo ya aina ya “tulipita hapa salama”, yasipotaja mwaka, hayana thamani yoyote. Yanaweza kuwa ya mtu mwaminifu kabisa aliyepita juu ya mwamba ambao leo uko sentimita 20 chini ya uso wa maji.

Ramani yenyewe ina historia nzito. Henry Wolsey Bayfield wa Jeshi la Majini la Uingereza aliipima pwani hii katika miaka ya 1820, kwa mashua za makasia. Kazi yake ilisifiwa, na ilitumika kwa muda mrefu kuliko ilivyopaswa. Tarehe 14 Septemba 1882 meli ya abiria Asia ilizama katika dhoruba ndani ya Georgian Bay. Walikufa watu zaidi ya 100, wakaokoka wawili tu. Mwaka uliofuata upimaji mpya ulianza chini ya John George Boulton, na kazi hiyo ndiyo mbegu ya idara ya leo ya upimaji wa maji ya Kanada. Hata hivyo, nje ya njia zenye maboya bado zipo sehemu ambazo ramani haina namba za kutosha kumtuliza mtu. Huko mwenzako husimama omo akitazama majini, nawe unakwenda taratibu.

Kisha upepo. Jahazi la Lamu lilikuwa na miadi na majira: kaskazi iteremshe, kusi irudishe, na mwenye mali alipanga biashara yake kwa miadi hiyo. Huron haitoi miadi. Juni ina ukungu, hewa ya joto ikikutana na maji ambayo bado ni baridi kali. Julai hupenda shwari asubuhi na upepo wa magharibi alasiri, mpaka mvua ya radi ipite na kugeuza kila kitu. Maili 25 kwa siku ni wastani sahihi, ila ukweli wake ni siku mbili za kukaa nangani, siku moja ya maili 45, na siku nzima ya injini.

Hata kutia nanga kuna hesabu ambayo Februari huirahisisha. Maji ya mita tano, omo iko mita moja juu ya maji, jumla sita. Kwa amari ya kamba kanuni ni mara saba, yaani mita 42. Zungusha mita 42 ndani ya kijihori chenye vyombo vingine vitatu uone. Kwa hiyo mabaharia wa huko hufunga tezi kwenye msonobari ufukweni, na anayewahi ndiye anayepata msonobari.

Hapo ndipo redio inapoisaidia ratiba. Kwa miaka mingi, Julai na Agosti, saa tatu asubuhi, sauti kutoka mji mdogo wa Little Current imekuwa ikisoma hali ya hewa na habari, kisha vyombo vinataja kimoja kimoja vilipo. Ukisikia vyombo kumi na viwili vimetaja Benjamin, unajua la kufanya. Naamini kikao hicho cha hewani kina faida kuliko programu yoyote ya kupangia njia.

Sasa tangi. Ontario hairuhusu choo cha chombo kumwaga kitu majini. Kila kitu hubaki ndani mpaka ufike penye pampu. Tangi la lita 80 kwa watu wanne halimalizi wiki. Pampu ziko Little Current, Gore Bay, Killarney na bandari nyingine chache, na hizo, si visiwa vya waridi, ndizo nguzo za safari. Hakuna anayeota pampu ya majitaka wakati wa baridi, na ratiba zinaonyesha hivyo.

Kuna pengo jingine, nalo linanikera zaidi. Ratiba nyingi huandika visiwa kana kwamba havina mwenyewe. Hii ni nchi ya Waanishinaabe, wenyeji wake wa asili. Jamii ya Wiikwemkoong, mashariki mwa Manitoulin, haikutia saini mkataba wa 1862 wa kukabidhi ardhi, na mpaka leo inaitaja ardhi yake kuwa haijawahi kukabidhiwa. Kisiwa kisicho na nyumba si kisiwa kisicho na wenyewe. Kibali cha kushuka huombwa mapema. Hiki ni kitu cha kuandikiwa tarehe.

Mpaka nao. Mmarekani anayevuka kwa mashua huripoti kwa forodha ya Kanada mara tu anapotia mguu, kwa kawaida kwa simu, na kwa mazoea ni jambo la dakika chache. Machi 2020, kwa sababu ya korona, mpaka ukafungwa kwa safari za starehe, na watalii wa Kimarekani waliochanjwa hawakuruhusiwa tena mpaka tarehe 9 Agosti 2021. Misimu miwili ya ratiba za penseli ikaishia mezani, na bandari ndogo zilizozoea wateja wa Michigan zikakosa wa kuwauzia mafuta na barafu.

Waliorudi baada ya hapo, wengi wamebadilisha namna ya kuandika. Kwenye karatasi kuna tarehe chache: kuvuka mpaka, pampu, mgeni kushuka Killarney, ambako barabara ilifika mwaka 1962 na gari linaweza kumfuata. Siku tano za mwisho hubaki wazi kwa ajili ya kuvuka Huron kurudi nyumbani, kwa kuwa mwishoni mwa Agosti upepo wa kaskazini-magharibi huinua mawimbi mafupi yaliyo wima. Siku tano zisipotosha, wengine humaliza karatasi za forodha, wakalipia nafasi ya chombo nchi kavu hukohuko Ontario, wakarudi kwa gari.