Nakshi na Mwingiliano wa Tamaduni katika Nyumba za Mbao za Wayi

Utangulizi

Wanafunzi wa fasihi simulizi wamezoea kuitafuta historia ya jamii katika ngano, nyimbo na methali. Historia hiyo huweza pia kusomwa katika nguzo, boriti na milango. Makala haya yananuia kufafanua sanaa ya nakshi katika nyumba za jadi za Wayi wa kusini-magharibi mwa Uchina, na kueleza jinsi sanaa hiyo ilivyopokea vya majirani na kuvifanya vyake.

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2020, Wayi ni zaidi ya milioni 9, wengi wao wakiishi katika mikoa ya Yunnan, Sichuan na Guizhou. Lugha zao ni za tawi la Kitibeti-Kibama. Wana hati yao wenyewe, ambayo kwa karne nyingi ilihifadhiwa na makuhani waitwao bimo.

Nyumba ya Liangshan

Katika milima ya Liangshan, mkoani Sichuan, Wayi hujiita Wanuosu. Nyumba yao ya jadi ni ya mstatili, yenye kuta za udongo ulioshindiliwa au za mbao, na paa la vibao vyembamba vilivyokandamizwa kwa mawe ili visipeperushwe na upepo. Ndani, viunzi hushikamanishwa kwa kuchomeka ulimi wa ubao mmoja katika tundu la mwingine, bila misumari. Kutoka kwenye nguzo hujitokeza vipande vifupi vya mbao, kila kimoja kikitangulia mbele kidogo kuliko kilicho chini yake, hadi uzito wa paa ukapata pa kutulia.

Ncha za vipande hivyo huchongwa kwa umbo la pembe za ng'ombe. Ng'ombe ni mali, na ni mnyama wa kafara katika ibada kuu. Hivi ni kusema kuwa kiunzi kinachobeba paa ndicho hicho hicho kinachobeba maana. Aidha, kwenye kingo za paa na milango huchongwa jua, mwezi na ndege. Michoro hii ina ngano nyuma yake: shujaa Zhyge Alu, aliyezaliwa baada ya matone ya damu ya tai kumwangukia mama yake, ndiye aliyeyatungua majua na miezi iliyozidi na kuiunguza dunia. Asiyeijua ngano hiyo huona mviringo tu. Anayeijua huona kisa kizima.

Moyo wa nyumba ni meko yenye mafiga matatu ya mawe, ambayo katika nyumba za wenye uwezo yalitiwa nakshi. Ni mwiko kuyaruka. Mahali pa kuketi kandokando ya moto hupangwa kwa kufuata hadhi ya mgeni na mwenyeji. Vyombo vya mbao vinavyozunguka meko hupakwa rangi ya utomvu wa mti kwa rangi tatu: nyeusi, nyekundu na manjano. Nyeusi ni rangi ya heshima, nyekundu ni ya moto, na manjano ni ya mwanga wa jua.

Mwingiliano na Wahan

Si Wayi wote wanaojenga hivyo, na tofauti hiyo ina sababu za kihistoria. Mwaka 1381 jeshi la utawala wa Ming liliingia Yunnan, na askari wengi wa Kihan wakalowea huko pamoja na familia zao. Katika miaka ya 1720, utawala wa Qing ulianza kuwaondoa machifu wenyeji wengi na kuwaweka maafisa wake. Kinyume na hayo, kitovu cha Liangshan kilibaki nje ya udhibiti madhubuti wa serikali hadi miaka ya 1950.

Matokeo yake yanaonekana katika majengo. Karibu na Kunming, Wayi na Wahan walijenga nyumba ya aina moja: ya mraba, yenye orofa mbili, ua mdogo katikati na paa la vigae. Huitwa nyumba ya muhuri kwa sababu ya umbo lake. Kusini mwa Yunnan, Wayi wengine walijenga nyumba za udongo zenye paa bapa ambalo hutumika kuanikia nafaka. Katika kijiji cha Chengzi, paa hizo za udongo zimekutana na uchongaji wa mbao wa Kihan.

Fauka ya hayo, nakshi yenyewe hubadilika inapohama. Wahan huchonga popo kwa kuwa jina lake katika Kichina lina sauti sawa na neno lenye maana ya baraka. Mchezo huo wa sauti hauwezi kuhama pamoja na mchoro. Kwa asiyezungumza Kichina, popo huyo hubaki pambo, au hutafutiwa maana nyingine. Wanaisimu hukutana na jambo kama hilo katika maneno ya mkopo: umbo hupokelewa, maana hujadiliwa upya.

Hali ya Sasa

Mnamo Mei 2020, kaya 84 za kijiji cha Atulie'er, kilicho juu ya jabali huko Liangshan, zilihamishiwa kwenye maghorofa katika mji wa Zhaojue. Waliohama walipata umeme wa uhakika, na shule na hospitali zikawa karibu. Hakuna mwenye haki ya kuwataka warudi kupanda ngazi za jabalini ili wageni waone nakshi. Hata hivyo, sakafu ya ghorofa haichimbwi meko, na pembe za ng'ombe zinazochorwa kwenye ukuta wa saruji hazibebi paa.

Hitimisho

Imedhihirika kuwa Wayi walikopa vigae, ua na michoro kwa karne nyingi pasipo kuacha kuwa Wayi. Waswahili husema mwacha mila ni mtumwa. Lakini kupokea si kuacha. Hatari iliyopo ni kubaki na nakshi huku ngano, mwiko na ufundi ulioizaa ukisahaulika. Kwa hiyo kuhifadhi nyumba hizi kunahitaji kurekodi maneno ya mafundi na masimulizi ya wazee sambamba na kulinda mbao zenyewe. Figa moja haliinjiki chungu.